Moto wa Katogota Unakula Nini?

Sogeeni karibu na redio. Kama sufuria iko motoni, iacheni ichemke, maana mazungumzo ya jioni hii yanaihusu.

Swali la kwanza ni hili: moto unakula nini?

Mtoto wa Katogota, hapa katika bonde la Ruzizi, akiulizwa atajibu bila kufikiri: kuni. Dada yake ataongeza makala, yale makaa yanayoshuka kutoka milimani kwenye migongo ya wamama, kwenye baiskeli na juu ya malori ya barabara ya taifa namba 5. Motari atasema esansi. Mvuvi wa Uvira atataja mafuta ya taa. Wote watakuwa wamesema kweli, lakini ni sehemu tu ya ukweli, tena ile sehemu ndogo. Kitu ambacho moto unakila kwa wingi kuliko kuni, kuliko makala, kuliko esansi, ni hewa.

Je, hewa ina uzito? Ndiyo, inao. Hapa bondeni, hewa inayojaza sanduku la mita 1 kila upande ina uzito wa kilo 1 na kidogo. Sasa sikilizeni. Kilo 1 ya kuni kavu, ili iungue yote, huhitaji kama kilo 6 za hewa. Kilo 1 ya makala huhitaji karibu kilo 10. Lita 1 ya esansi ndani ya tangi la pikipiki huhitaji karibu kilo 11. Kwa hiyo mama anayebeba mzigo wa kuni kutoka mlimani amebeba sehemu ndogo tu ya chakula cha moto wake. Sehemu kubwa ilikuwa inamsubiri nyumbani, bure, pembeni ya mafiga.

Bei ya gunia la makala kila mama anaijua, na ikipanda anaisikia sokoni siku hiyo hiyo. Hewa haina bei, na labda ndiyo sababu haimo katika hesabu za nyumba. Kipindi cha leo kina jambo moja la kusema, na litarudiwa: anayejua kupitisha hewa huokoa makala, huokoa macho na kifua, na usiku huokoa roho za watu.

Tuanzie jikoni.

Mtazameni mama wa Katogota saa kumi na mbili jioni. Mafiga matatu yako chini, kuni za mkaratusi zimejazwa zote kwa pamoja, zimelala juu ya majivu ya jana na juzi. Moshi unatanda hadi chini ya paa. Anainama, anapuliza, moto unaruka. Anainuka, moto unalala. Anainama tena, machozi yanamtoka, mtoto mgongoni anakohoa. Tatizo ni nini? Kuni zimo, kiberiti kimo, na hewa imejaa uani. Lakini njia imezibwa. Majivu yameziba chini, na kuni zilizosongamana zimeziba pembeni, kwa hiyo pale penye kaa jekundu hewa haifiki.

Mama anapopuliza anafanya nini? Anaifungua njia kwa nguvu ya kifua chake. Katika hewa tunayovuta, kila sehemu 100 zina sehemu 78 za naitrojeni, ambayo hupita motoni bila kuuchochea, na sehemu 21 za oksijeni, ambayo ndiyo moto unaitaka. Pumzi inayotoka kinywani bado ina oksijeni kama sehemu 16. Imepungua, lakini inafika pale pale panapohitajika, na kwa kasi. Ndiyo maana kaa linang'aa mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Kuni ikipata joto haianzi kuungua kama kuni. Kwanza inatoa gesi. Zile ndimi za moto mnazoziona zikicheza chini ya sufuria ni gesi hizo zinazoungua, na sehemu kubwa ya uzito wa kuni hutoka kwa njia hiyo. Gesi hizo zikikutana na hewa zikiwa bado na joto kali, zinaungua na kutoa joto lake lote. Zisipokutana nayo, zinaondoka hivyo hivyo, nzima, hazijafanya kazi. Huo ndio moshi. Moshi ni kuni iliyokatwa mlimani, ikabebwa kichwani saa nzima, kisha ikatoka kupitia paa bila kupika chochote.

Na njiani imepita katika macho na vifua vya watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafu wa hewa majumbani, unaotokana zaidi na moto wa kupikia, ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Walio hatarini zaidi ni wamama na watoto wadogo, kwa sababu ndio wanaokaa karibu na mafiga.

Sasa dawa yake ni ipi? Haihitaji fundi kutoka Bukavu. Majivu yatolewe kabla ya kuwasha. Kuni ziwe kavu na chache, zisukumwe kwa ncha kidogo kidogo. Na zaidi ya yote, kuni ziinuliwe: vipande viwili vya chuma cha zamani vilivyolazwa juu ya mawe madogo vinatosha kuacha nafasi ya vidole vitatu chini ya kuni. Hewa itaingia yenyewe, kwa sababu hewa ya moto inapanda, na inapopanda huvuta hewa mpya kutoka chini. Majiko banifu ya udongo yanafuata kanuni hiyo hiyo. Wakongo wengi wa Uvira na Fizi waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, tangu mwaka 1996, wameyafahamu majiko ya namna hiyo. Kuna mdomo wa kuni, kuna njia ya hewa chini yake, na ukuta wa udongo unaoushika moto karibu na sufuria.

Mtu atauliza: basi, hewa ikizidi si ndiyo vizuri zaidi? Hapana. Hewa ikizidi nayo ni hasara. Wakati wa kiangazi upepo wa bonde la Ruzizi hupiga uani mchana kutwa, na moto ulio wazi huwaka kwa fujo huku joto likikimbia pembeni kabla halijagusa sufuria. Kuni zinaisha, maharagwe bado ni magumu. Moto huo unataka kukingwa upande wa upepo kwa matofali machache. Hewa ipite chini ya kuni, isipite juu ya sufuria.

Twende sasa kwenye babula, jiko letu la makala.

Babula la bati lina matundu chini, na majiko mazuri yana mlango mdogo wa kutolea majivu. Jiko la Kenya la bati na udongo, ambalo mafundi wa Nairobi walianza kulieneza miaka ya 1980 baada ya kuiga mfano wa Thailand, lina mlango huo. Wengi wanafikiri ni wa majivu tu. Kumbe ndio usukani wa jiko. Wakati wa kuwasha, uachwe wazi kabisa. Sufuria ikishachemka, ufungwe hadi ubaki ufa mdogo. Kwa nini? Kwa sababu maji yakishachemka hayapandi joto tena, hata ukiongeza makala hadi yamwagike. Hapa Katogota maji huchemka kwenye nyuzi kama 97, na yatabaki hapo hapo. Maharagwe yanaiva kwa kukaa katika maji yanayochemka polepole, na babula lenye mlango wazi linamaliza makala ya kesho kwa kuchemsha kwa kelele leo. Waulizeni wamama wa sokoni wenye uzoefu: watawaambia kwamba wakifunika moto wa sombe na kuupunguzia hewa, makala ya kupikia mara moja yanafika mara mbili.

Kabla hatujaondoka kwenye babula, angalieni jambo moja kwa karibu. Makala yakiwa mengi na mekundu, juu yake huonekana miali midogo ya buluu, myepesi, hasa giza likiingia. Ile ni nini? Chini ya babula hewa inakutana na makala na kutengeneza hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikipanda katikati ya makala mekundu inageuka kuwa gesi nyingine, kaboni monoksidi. Ikifika juu na kukuta hewa safi, inaungua kwa mwali wa buluu. Isipokuta hewa ya kutosha, au sufuria ikikaa na kuuzima mwali huo, gesi inatoka bila kuungua. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Shikeni hapo, tutairudia.

Kuna watu ambao kazi yao yote ni kuinyima kuni hewa. Ni wachoma makala wa milimani. Wanapanga magogo, wanayafunika kwa majani mabichi, kisha kwa udongo, wanawasha kupitia tundu moja na kuacha matundu machache pembeni. Kwa siku kadhaa hawalali vizuri. Wanasoma moshi. Ukiwa mweupe na mzito, ni maji yanayotoka katika kuni. Ukigeuka mwembamba na wa buluu, kazi inakaribia kwisha na matundu yanazibwa. Udongo ukipasuka usiku na fundi akiwa usingizini, hewa inaingia, na asubuhi anakuta majivu mahali palipokuwa na magunia. Mtu huyo hajafundishwa neno oksijeni, lakini anajua kazi yake barabara. Ni haki kumwita mtaalamu wa hewa. Ni haki pia kumwambia kwamba tanuru la udongo la kawaida hutoa makala kidogo kuliko inavyowezekana: katika kilo 10 za kuni mara nyingi hutoka kilo 1 au 2 tu za makala. Wachomaji wa Casamance, kule Senegali, waliongeza bomba la kutolea moshi na njia za hewa zilizopangwa chini, na mavuno yao yakawa makubwa zaidi. Kwa milima ya Uvira, ambayo miti yake inapungua, hilo lingekuwa jambo kubwa.

Wachoma matofali wa bondeni nao wanajua. Tanuru lao lina midomo chini. Midomo inaachwa wazi hadi moto umeshika, kisha inazibwa kwa matope ili joto libaki ndani na kupanda taratibu hadi kwenye matofali ya juu. Anayeziba mapema anapata matofali mabichi. Anayechelewa anachoma kuni za bure.

Ujuzi huu katika nchi zetu ni wa zamani sana. Wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, nchini Tanzania, waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, katika matanuru yaliyovuviwa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo. Miaka ya 1970 wazee wa huko waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuru upya mbele ya watafiti. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mirija iliyoingia ndani ya tanuru iliipasha hewa kabla haijafika kwenye makala, na joto likazidi. Wenzao wamebishana nao juu ya hoja hiyo ya kupasha hewa. Lakini kwamba kazi nzima ilitegemea mikono ya wavuta mivukuto, hilo halina ubishi. Huko Ulaya, kwa muda mrefu wasomi waliamini kwamba kitu kikiungua kuna kitu kinachotoka ndani yake na kupotea. Mwaka 1772 Mfaransa Antoine Lavoisier alipima fosforasi na salfa zilizoungua, akakuta zimeongezeka uzito. Uzito huo ulitoka wapi? Ulitoka hewani. Miaka miwili baadaye Mwingereza Joseph Priestley alipata gesi iliyofanya mshumaa uwake kwa nguvu ya ajabu, na Lavoisier ndiye aliyeipa jina la oksijeni.

Turudi barabarani. Lori linalopanda mlima wa Ngomo kuelekea Bukavu mara nyingi hutoa moshi mweusi. Sababu ni ile ile: mafuta yameingia, hewa haikutosha. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye mita kama 773 juu ya usawa wa bahari, ya Ziwa Kivu kwenye mita kama 1,460. Kadiri gari linavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na kila pumzi ya injini inabeba oksijeni pungufu. Ongezeni vumbi la kiangazi lililojaa kwenye kichujio cha hewa, na gari linakunywa mafuta bila kupata nguvu. Motari anayekung'uta kichujio chake na kukibadilisha kikichakaa anapata faida yake kwenye tangi. Na taa ya mafuta nyumbani inasema habari hiyo hiyo: mwali mwekundu wenye masizi unaomba hewa. Utambi ushushwe, matundu ya chini yasafishwe.

Sasa, wasikilizaji, sehemu iliyo nzito kuliko zote. Ni ya usiku.

Ndugu zetu wa Goma na Sake, kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, wanayafahamu mazuku. Ni mabonde madogo ambamo hewa ya ukaa kutoka ardhi ya volkeno hujikusanya chini, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mwenge ukishushwa humo unazimika. Mbuzi akishuka harudi juu. Watu wamekufa humo. Sisi wa bondeni hatuna mazuku ardhini. Lakini tunaweza kutengeneza hatari kubwa zaidi ndani ya chumba cha kulala, kwa mikono yetu, kwa babula moja.

Fikirini chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye kimo cha kawaida. Hewa yote iliyomo ina uzito wa kilo 24 hivi. Kilo 2 za makala, zikiungua zote, zinataka karibu kilo 20 za hewa. Mvua inanyesha, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa nguo, babula lipo pembeni ya kitanda likipasha watoto joto. Moto na watoto wanagombania hewa moja. Na hapo ndipo ile gesi ya mwali wa buluu, kaboni monoksidi, inapojaa chumbani. Katika damu inashika nafasi ya oksijeni kwa nguvu inayozidi mara 200. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unamzidi. Anadhani ni uchovu wa shamba. Anajilaza, na huenda asiamke.

Makala hayatoi moshi, na hilo ndilo linalodanganya watu. Wanaona hakuna moshi, wanadhani hakuna hatari. Tena msitegemee kwamba moto utazimika na kuwaonya. Makala yanaendelea kuwa mekundu, na yanaendelea kutoa gesi hiyo, katika hewa ambayo tayari imeshamshinda mtu.

Bonde letu limeona watu wengi wakikimbia makwao, mara nyingi. Familia zinalala madarasani, makanisani, chini ya plastiki, watu kumi mahali pa watatu. Hapo ndipo babula huingizwa ndani, kwa sababu nje kuna mvua na usalama haupo. Wenye kupokea wageni, viongozi wa mitaa, wachungaji na walimu, wanaombwa walisimamie jambo hili kama wanavyosimamia maji ya kunywa.

Mto Ruzizi unazungusha mitambo ya umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na siku moja huenda majiko ya vijiji vyetu yakawaka kwa nguvu hiyo. Kwa sasa bonde linapika kwa kuni na makala. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha moto wa kesho, toeni majivu, inueni kuni, tumieni ule mlango mdogo wa jiko. Na usiku huu, kabla ya kulala, babula litoke nje, hata likiwa na kaa moja tu jekundu. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye makala, fungueni mlango, mtoeni nje kwanza, ndipo muulize kilichotokea, kisha mpelekeni kituo cha afya usiku huo huo.